Wanaojificha Ili Watafutwe



Wahenga walisema: kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Biashara hizo mbili wanazijua hata watoto. Lakini katika zama zetu imezuka biashara ya tatu ambayo wahenga hawakuiona, nayo ni ya kitu kinachojificha ili kinunuliwe. Hicho hakikai dukani wala hakitembezwi njiani. Hukaa nyuma ya pazia, kikakohoa kidogo, kisha kikangoja watu waulizane: ni nani huyo?

Huenda nyumbani kwako yumo kijana aliyeziba masikio yake kwa vile vidude vya kusikilizia. Muulize asikiliza nini. Atakwambia ni kikundi fulani cha Ulaya au Marekani, "wala hakijulikani ni cha nani, baba." Hilo la kutojulikana atalisema kwa fahari, kana kwamba ni sifa ya muziki wenyewe. Ukimwuliza nyimbo zasema nini, utamwona anababaika. Kilichomnasa si wimbo, ni kitendawili.

Wazee wetu hapa wamegawanyika mafungu mawili. Fungu moja lasema: hizo ni kelele tu, mnyang'anye simu, mambo yamekwisha. Fungu la pili lasema: mwache, ujana utampita. Mimi nasema mafungu yote mawili hayajatazama. Leo siingii katika mjadala wa muziki wenyewe, kwani wenye elimu wameusema na wataendelea kuusema. Nataka tuitazame hii siri inayouzwa, tujue imetoka wapi na yatupeleka wapi. Ni jambo linalotugusa hata sisi tusiosikiliza hata wimbo mmoja wa watu hao.

WIMBO USIO NA MWENYEWE

Kwanza tuelewane juu ya aina ya muziki. Katika miaka ya 1960 ulizuka Uingereza na Marekani muziki ulioitwa saikedeliki. Magitaa yalipigwa kwa mwangwi, kanda zikachezwa kinyumenyume, sauti zikawa kama zatoka chini ya maji. Nia ilikuwa kuigiza hali ya mtu aliyekunywa dawa ya LSD, dawa iliyotengenezwa mwaka 1938 na mkemia wa Uswisi, Albert Hofmann, naye akaja kuujua ulevi wake mwaka 1943. Uingereza iliipiga marufuku mwaka 1966, lakini muziki uliobeba harufu yake ukabaki. Vijana wa leo waupigao hawana makampuni makubwa nyuma yao. Hurekodi vyumbani mwao, wakauza kupitia makampuni madogo ya kujitegemea.

Mmoja wao ni Ruban Nielson, mtu wa New Zealand. Yeye na ndugu yake Kody walikuwa na kikundi kiitwacho The Mint Chicks, na mwaka 2007 kikundi hicho kilinyakua tuzo tano katika sherehe za muziki za nchi yao. Wakahamia Portland, Marekani. Mwaka 2010 kikundi kikavunjika. Ruban akabaki katika mji wa ugenini, ana familia ya kulisha, na muziki ameshauacha mkono.

Akiwa katika hali hiyo alitengeneza wimbo nyumbani, akautia katika mtandao bila jina lake, bila picha, bila hata neno la maelezo. Nataka msomaji ulishike hili: mtu huyo hakuficha jina ili atafutwe. Alikuwa hana la kuuza. Alifanya kama mtu anayeimba akifua nguo uani, hajui kama jirani yupo dirishani.

Lakini majirani walikuwapo, tena maelfu. Waandishi wa mambo ya muziki wakaanza kuulizana: huyu ni nani? Ni wa nchi gani? Wakakisia, wakabishana. Na kadiri walivyokosa jibu ndivyo wimbo ulivyozidi kusikilizwa. Hatimaye mwenyewe akajitokeza, kikundi kikaitwa Unknown Mortal Orchestra, yaani okestra ya binadamu asiyejulikana, na mwaka 2011 ikatoka sahani ya kwanza.

Tazama sasa kilichofuata. Mtu aliyekuwa ameacha muziki akatiwa njiani, usiku huu mji huu, kesho mji mwingine. Sahani ya pili, ya mwaka 2013, imejaa upweke wa mtu aliyechoshwa na safari. Mwaka 2015 ikatoka ya tatu, na pamoja nayo mambo ya ndani ya nyumba yake na ndoa yake yakaandikwa magazetini, naye mwenyewe ndiye aliyeyasimulia. Sitayarudia hapa. Si kazi yangu kuyasema wala si kazi yako kuyasikia. Nataka uhesabu miaka tu. Mwaka 2010 hata jina lake halikujulikana. Mwaka 2015 chumba chake cha kulala kilikuwa habari ya mjini. Kutoka pazia mpaka kitanda, miaka mitano.

Je, ni yeye aliyebadilika peke yake? Naye ana sehemu yake, kwani ulimi ni wake. Lakini wasikilizaji ambao mwanzo walivutwa na kutomjua hawangeshiba kwa kumjua jina. Udadisi hauna shibe. Ukiupa jina wataka uso, ukiupa uso wataka nyumba, ukiupa nyumba wataka kitanda.

BARAKOA ZA KUUZA

Wengine wameliona hilo, wakaamua kulifanya mtaji tangu mwanzo. Kuna kikundi cha Marekani kiitwacho The Residents, chenye asili yake Louisiana na makao yake San Francisco, kilichotoa sahani yake ya kwanza mwaka 1972. Tangu mwaka 1979 watu wake wamejulikana kwa barakoa zenye umbo la jicho kubwa la mtu, na kofia ndefu juu yake. Majina yao yalifichwa zaidi ya miaka arubaini, na walioongea kwa niaba yao walidai kuwa wao ni mawakala tu. Mwaka 2017 mmoja wao, Hardy Fox, alijitambulisha hadharani, na mwaka uliofuata akafariki dunia. Niliposoma habari hiyo nilisikitika. Maisha ya kazi yote umevaa jicho la bandia kichwani, kisha unaona umebakiwa na siku chache, unataka japo watu wajue kuwa ulikuwapo!

Kuna na wengine wa Sweden, waitwao Goat. Hawa sahani yao ya kwanza ilitoka mwaka 2012, nao hupanda jukwaani wamevaa barakoa na majoho ya kila rangi. Wakatoa na hadithi: kwamba wanatoka katika kijiji cha kaskazini kiitwacho Korpilombolo, na kwamba kijiji hicho kina mila ya kale ya uchawi ulioletwa na mganga kutoka mbali. Kijiji kipo kweli. Huo uganga ni ngano ya kuuzia. Midundo yao wameichota kwa wingi Afrika Magharibi, na barakoa zao zaigiza zile za watu ambao kwao barakoa ina maana, ina wakati wake, na ina mzee anayeilinda.

Sisi tunao msemo: kinyago nilichokichonga mwenyewe hakinitishi. Basi yastaajabisha kumwona kijana wa Mombasa au Unguja, ambaye bibi yake aliambiwa kuwa ngoma zake ni ushamba na uganga wake ni ujinga, leo analipa fedha kuona Mzungu aliyevaa kinyago akimtisha kwa uganga wa kubuni. Kinyago kilitoka bara letu, kikapakwa rangi, kikarudishwa kwetu kwa bei.

Najua pana atakayenijibu hivi: "Ewe mwandishi, je, kuficha jina si unyenyekevu? Mbona twamsifu atoaye sadaka kwa siri?" Swali ni zuri na lataka jibu. Atoaye sadaka kwa siri hatundiki tangazo mlangoni kwake kwamba ndani ya nyumba hii yumo mtu atoaye sadaka kwa siri. Siri ya kweli haijulikani kuwa ni siri. Unyenyekevu unaopigiwa ngoma ni kiburi kilichovaa kanzu kuukuu. Na mizani yake ni nyepesi: ukitaka kujua kama mtu ajificha kwa haya au kwa biashara, tazama kama kule kujificha kwake ndiko kunakotangazwa.

MLANGO WA CAMBRIDGE

Lakini haki ni kusema pande zote mbili. Nimewalaumu wanaojificha ili watafutwe. Je, yule aliyejificha kwa kuwa hakutaka kabisa kutafutwa, ulimwengu ulimfanyia nini?

Alizaliwa Cambridge, Uingereza, mwaka 1946, akaitwa Roger Barrett, wengi wakamjua kwa jina la Syd. Baba yake alifariki yeye akiwa bado mvulana. Alikuwa mchoraji, kisha mpiga gitaa, na ndiye aliyeongoza kikundi cha Pink Floyd kilipoanza. Sahani yao ya kwanza ilitoka mwaka 1967, na nyimbo zake nyingi alizitunga yeye. Kwa muda wa mwaka mmoja alikuwa ndiye kipenzi cha vijana wa London.

Na katika mwaka huo huo akaanza kupotea. Wenzake wamesimulia jinsi alivyokuwa akitumia ile LSD, na jinsi alivyosimama jukwaani ameshika gitaa asipige, macho yakitazama pasipo kitu. Mwanzoni mwa mwaka 1968 walikuwa wakienda kazini wakaamua wasimpitie nyumbani. Hawakumfukuza, hawakumuaga, hawakumpeleka popote. Walimwacha tu, gari likapita. Mwezi wa Aprili ikatangazwa kuwa si mwenzao tena. Alitoa sahani mbili mwaka 1970, kisha akanyamaza.

Tarehe 5 Juni 1975, Pink Floyd walikuwa studio mjini London wakikamilisha wimbo mrefu wa kumkumbuka yeye. Akaingia mtu mnene, amenyoa nywele na nyusi, akakaa. Wenzake hawakumjua. Ilipita muda mrefu ndipo mmoja akatambua kuwa ni Syd, na pana waliolia. Tafakari, msomaji. Watu wamekaa wanamwimbia mtu kwa huzuni, mwenyewe amekaa mbele yao, na hawamjui! Walikuwa wakiijua habari yake, si yeye.

Alirudi Cambridge akaishi humo mpaka kufa kwake. Akaliacha jina la Syd, akajiita Roger kama alivyoitwa na mama yake. Alichora, akalima bustani yake, akaenda dukani kwa baiskeli. Hakutaka mahojiano. Jamaa zake waliwaomba watu wamwache. Je, walimwacha? Hata kidogo. Walikuja waandishi na kamera, wakaja na mashabiki kutoka ng'ambo kumgongea mlango, wakampiga picha akiwa amebeba vitu vyake vya sokoni, na picha zikauzwa. Kwa kuwa hakujibu, wakamwita wa ajabu. Kwa kuwa alikuwa wa ajabu, wakazidi kuja. Haya yaliendelea miaka mingi, hadi alipofariki tarehe 7 Julai 2006, akiwa na umri wa miaka 60.

Mwaka 1981 kikundi kidogo cha London, Television Personalities, kilitoa wimbo wa mzaha ambao jina lake lenyewe ladai kuwa mwimbaji ajua Syd Barrett anakoishi. Na yasimuliwa kuwa mwaka 1984, walipopewa nafasi ya kumtangulia jukwaani David Gilmour, aliyeshika nafasi ya Barrett katika Pink Floyd, mwimbaji wao aliisoma anwani ya mgonjwa yule mbele ya ukumbi mzima. Wakaondolewa katika safari ile. Walistahiki. Lakini mimi nauliza: kuna tofauti gani kati ya aliyeisoma anwani ile na maelfu waliotamani kuisikia?

Nasema hapa bila ya kuficha: aliyemla mtu yule si ile dawa peke yake. Dawa ilimla mwaka mmoja au miwili. Macho ya watu yalimla miaka mingi.

JINA NI DHAMANA

Sasa tuje nyumbani, kwani haifai kuwasuta watu wa mbali na uani petu hakujafagiwa.

Miaka kadhaa nyuma, katika mtaa ninaokaa, ilizunguka sauti katika simu za watu. Yalikuwa mashairi ya mafumbo, yametiwa kinanda, na sauti imegeuzwa kwa mashine ikawa haijulikani ni ya mwanamume au ya mwanamke. Hapakuwa na jina la mtungaji. Fumbo lilimwelekea binti mmoja aliyekuwa ameposwa. Kila nyumba ilisikiliza, na kila baraza ilikuwa na swali lile lile: katunga nani? Wengine wakasema ni fulani, kwa ajili ya ile kesi ya ua. Wengine wakasema la, huyo hawezi kupanga vina namna ile.

Nami nilikuwamo. Naungama mbele yako, msomaji, kwamba niliisikiliza sauti ile mara tatu, nikijaribu kumtambua mwenyewe kwa ufundi wake. Sikuuliza hata mara moja kama alisemalo ni kweli. Hakuna aliyeuliza. Kitendawili kilikuwa kitamu mno hata ukweli ukasahauliwa. Posa ikarudishwa. Yule binti alihamishwa kwa jamaa zake mji mwingine, na mtungaji mpaka leo hajulikani, na huenda yuasalimiana na baba wa binti kila jioni.

Hapo ndipo nilipofahamu kuwa kikundi cha kule Marekani na sauti ile ya mtaani kwetu ni watoto wa mama mmoja. Kisicho na jina hakina wa kuulizwa. Na kisicho na wa kuulizwa hutupa sisi wasikilizaji kazi ya kupeleleza, tukaona tunafanya jambo la akili kumbe tunakula nyama ya mtu.

Watunzi wetu wa zamani hawakuwa hivyo. Chukua utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu, alioutunga mwaka 1858 kumwusia binti yake. Alikuwa mgonjwa, mwanamke wa sitara, hakutafuta kutajwa barazani. Na hata hivyo mwishoni mwa utendi alitaja jina lake, na mji aliozaliwa, ambao ni Pate, na mwaka wa utunzi, na hesabu ya beti. Hakufanya peke yake. Ndio uliokuwa mwendo wa watunzi wa tenzi. Je, walikuwa wakitaka sifa? Sivyo. Walikuwa wakitia sahihi. Maana yake: haya nimeyasema mimi, ukiona kosa nirekebishe, ukiona faida niombee. Uso wake ulikuwa ndani, na jina lake lilikuwa mlangoni. Wa leo wamegeuza: jina wamelificha, na nyumba wameiacha wazi.

Jina ni dhamana. Mwashi hulijua hilo, na fundi cherehani hulijua, na mwuza samaki hulijua, kwani akikuuzia aliyeoza leo, kesho wajua pa kumpata. Iweje neno, ambalo laweza kuvunja nyumba, liuzwe bila ya mwenyewe?

LA KUFANYA

Basi simwambii mzazi avunje simu. Ukimnyang'anya kijana kitendawili, umekizidisha utamu. Kaa naye, mwambie habari ya yule mtu wa Portland, jinsi alivyoanza kwa usafi na jinsi alivyotafunwa. Na mwambie ilivyoendelea pia, maana haki yake tusimnyime: mwaka 2018 alitoa sahani moja aliyoirekodi mjini Hanoi akiwa na ndugu yake, na baba yao akipuliza saksafoni, na katika kazi yake ya mwaka 2023 aligeukia zaidi jamaa zake na asili ya mama yake, ambaye ni mtu wa Hawaii. Aliyeanza kama binadamu asiyejulikana ameishia kutafuta kwao. Kijana ataelewa kuliko ukimpigia kelele.

Mwambie na habari ya Barrett, usimfiche dawa iliyomwingiza katika giza, wala usimfiche gari lililopita bila ya kumchukua. Katika mitaa yetu wapo vijana waliotekwa na dawa nyingine, wamesimama pembeni mwa njia wakitazama pasipo kitu, na magari yetu yapita. Twazijua habari zao zote, nani alimwonjesha nani na mama yake aliuza nini. Wao hatuwajui. Siku mmoja wao akikaa mbele yetu barazani, tutamtambua?

Na kwetu sisi watu wazima, mambo mawili tu. La kwanza: sauti ikikufikia katika simu, ina fumbo na haina jina, isiishe usiku mkononi mwako. Ifute, na aliyekuletea umwambie kuwa umeifuta. La pili: mtu akifunga mlango wake, ugonjwa au huzuni imemweka ndani, mpelekee chakula, kiweke kizingitini, urudi. Siri ya mtungi aijuaye ni kata. Wewe si kata yake.

Yule binti wa mtaani kwetu aliolewa baadaye, huko huko alikohamia. Mwaka jana alikuja kumzuru mama yake. Nilimwona akipita mbele ya baraza, na wazee wote tukainamisha vichwa kama watu wanaohesabu mawe ya chini. Alitusalimu mmoja mmoja, kwa jina.